Magunia Manne ya Mkaa

Mvua zilikuwa zimekolea na pamba imefika kiunoni siku tuliyompakia mtoto wa dada yangu kwenye pikapu ya Dutwa. Mambo ya siku ile nimeyapanga kichwani mara nyingi, moja baada ya jingine, na kila nikiyapanga nakuta hakuna hata mmoja wetu aliyekusudia baya. Nitayaeleza kama yalivyofuatana, kwa sababu sijui namna nyingine ya kuyaeleza.

Nianze na pikapu yenyewe. Enzi za ushirika, mtu wa kwetu aliyetaka kufika Bariadi alikwenda kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa basi lililopita mara mbili kwa wiki likipata dizeli. Mizigo ilikuwa na lori lake, na ubavuni mwa lori lile iliandikwa kwamba abiria hawaruhusiwi. Ruksa ilipoingia na kila mtu akaachiwa kufanya biashara, maduka yakajaa sabuni na vitenge, wanunuzi wa pamba wakaanza kuja kila mmoja na mzani wake, na dereva mmoja wa lori la ushirika, aliyepunguzwa kazini, akapata pikapu kuukuu ya rangi ya kijani iliyokwisha kupauka. Akaanza kwenda Bariadi na kurudi Dutwa, mara mbili kwa siku kama njia imekauka, mara moja kama imelowa. Alibeba mchele, mkaa, kuku, kreti za chupa tupu za soda, mabati, mbuzi na watu, vyote pamoja.

Alikuwa na tabia za kazi yake ya zamani. Mzigo ulipanda kwanza, ukapangwa vizito chini na vyepesi juu, ukafungwa kamba. Baada ya hapo watu walipanda na kujipachika palipobaki. Abiria wakilalamika aliwaambia kwamba gunia halina mikono ya kujishikilia, wao wanayo. Tulicheka. Tuliipenda sana pikapu ile. Safari iliyokuwa ya siku nzima sasa ilikuwa ya asubuhi moja, na mwanamke aliweza kwenda mjini kuuza maziwa yake na kurudi kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni.

Sasa nyumbani. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na mama alikuwa amekuja kumtunza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza la saba, nikaja na mama kuchota maji na kupika. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hawali mahali pamoja, hawapeani kitu mkononi, na wakiwa na neno la kuambiana wanampa mtu wa tatu alifikishe, hata kama wote wawili wanasikia. Si uadui. Mama yangu alimheshimu sana shemeji, na heshima yenyewe ndiyo hiyo. Kwa hiyo mama alipofika, shemeji alihamia kwa kaka yake, hatua mia mbili kutoka hapo. Akihitaji kitu cha nyumbani kwake alikuja alfajiri, akakohoa akiwa mbali, akachukua na kuondoka haraka.

Alfajiri ya siku ile nilimsikia akikohoa. Nilisikia pia bomba la kupulizia pamba likigongagonga mgongoni mwake. Nikajua anakwenda shambani, nikajifunika tena shuka.

Jua lilikuwa limeshapanda niliporudi na ndoo ya pili ya maji na kumsikia dada akipiga kelele. Alikuwa kajifungua juzi tu, hata kutembea alitembea kwa kushika ukuta, lakini alikuwa ametoka mpaka uani na kichanga kifuani.

"Mafuta! Mama, kanywa mafuta!"

Mtoto wake mkubwa, mvulana wa miaka mitatu, alikuwa amekaa kando ya ukuta wa jiko. Chupa ya soda ilikuwa imelala pembeni yake, na gunzi la kuizibia liko mkononi. Chupa ya mafuta ya taa ya dada ilikuwa ya namna hiyo hiyo, na mahali pake palikuwa hapo hapo, juu ya tofali lililochomoza ukutani. Mama alimnyanyua mtoto, akamnusa kinywa.

"Ni mafuta," akasema. "Mayu wee, mama yangu, kanywa mengi."

Mimi niliiokota ile chupa, nikaenda kuitupa chooni ili isije ikamdhuru mwingine. Nilijiona nimefanya jambo la akili.

Mama alimfunga mtoto mgongoni tukaondoka mbiombio kuelekea Dutwa. Jirani mmoja alitumwa shambani kumwita baba yake. Njiani tulipita kwa mganga wa zahanati. Mzee yule mtaratibu alimtazama mtoto macho, akamgusa tumbo, akauliza amekunywa nini. Mama akasema mafuta ya taa. Akasema tusimtapishe kabisa, mafuta yakipanda yataingia mapafuni, na hilo ni la hospitali, tuwahi Bariadi. Kwa mafuta ya taa maneno yake yalikuwa sahihi. Nimeuliza baadaye kwa watu wanaojua.

Tulipofika Dutwa pikapu ilikuwa imesimama mbele ya maduka, mzigo umeshafungwa. Kulikuwa na magunia ya mchele chini, magunia manne ya mkaa juu yake, na kreti za chupa tupu nyuma ya kibanda cha dereva. Abiria walikuwa wamekaa kila mahali. Mwanamke mmoja mnene alikuwa amekumbatia debe la maziwa, na mwenye mkaa, mzee mwembamba mwenye kofia ya mitumba, alikuwa akimchokoza.

"Mayu, sogeza hilo debe. Limekalia nafasi ya watu wawili."

"Na magunia yako yamekalia ya watu wanane. Yenyewe mbona huyasogezi?"

"Mkaa ni mgeni wa dereva. Umepanda kabla yako."

"Basi ushuke nao kabla yangu, mweusi wewe na mkaa wako, hata sijui nakusalimia wewe au gunia."

Watu walikuwa wanacheka tulipofika. Walipoona mtoto wakaacha, wakaanza kujibana. Dereva alituelewa bila maelezo mengi. Alimwambia mama apande mbele kabisa, nyuma ya kibanda, mahali pasiporusha sana, na abiria wawili walimpisha. Mwenye maziwa alitandika kitenge chake juu ya mchele ili mama akae. Injini ikawashwa.

Hapo ndipo shemeji alipofika. Alikuja na baiskeli, amejaa tope mpaka mapajani, akaitupa baiskeli kwenye mlango wa duka na kukimbilia pikapu. Aliweka mguu kwenye gurudumu, akamwona mama, akarudi chini kama aliyeungua. Mama naye alikwisha kujifunika khanga usoni.

Dereva aliyaona yote kwenye kioo. Akatoa kichwa dirishani.

"Huyu ni nani wenu?"

"Baba wa mtoto," nikasema.

"Na mama huyu?"

"Ni mama mzaa mkewe."

"Aaa," akasema. "Kuna ukwe humu." Akazima injini. "Jamani, shukeni kidogo tupange upya. Hawa wazazi hawawezi kwenda hivi."

Hakuna aliyenung'unika. Wanaume walishuka, wakafungua kamba, wakayaondoa magunia ya mkaa kando na kuyasimamisha yote manne katikati ya pikapu, bega kwa bega, yakawa kama ukuta. Wanawake na mtoto wakabaki upande wa kibanda, wanaume upande wa mlango wa nyuma. Dereva aliifunga kamba tena, akaivuta kwa mguu kuhakikisha. Mwenye mkaa akasema, "Leo nimepata mkaa wenye kazi." Mimi nikapandishwa juu ya magunia, katikati, ili niwafikishie maneno. Kutoka pale niliona pande zote mbili.

Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko inavyosikika kwa kuisimulia. Nakumbuka mama alininong'oneza nimwambie dereva kwamba Mungu atamlipa kwa adabu yake. Nikamwambia. Hatukuona kama tunachelewa. Tuliona tumetendewa wema, na ulikuwa wema kweli.

Pikapu ikaondoka. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ubao wa nyuma, uso ameuelekeza barabarani tunakotoka, ili hata kwa bahati mbaya asigeuke akamwona mama. Aliponiuliza kitu aliuliza bila kugeuka, na mimi niliinamia upande wa pili.

"Muulize mama, mtoto anatoa mate?"

"Mama, shemeji anauliza kama anatoa mate."

Mama alikuwa amesikia, lakini alisubiri nimwambie. "Mwambie mkwe wangu anatoa mate kama ndama. Khanga yote imelowa."

Nikamwambia.

"Muulize kama anatoka jasho."

"Anatoka. Nywele zimelowa."

Shemeji alishika ukingo wa pikapu kwa mikono yote miwili. Tukapita mashamba ya pamba, watu wameinama wanapalilia, wengine na mabomba mgongoni wanapulizia. Mmoja alitupungia mkono na mwenye mkaa akampungia.

"Muulize mama," shemeji akasema tena, na safari hii sauti ilikuwa ya chini hata ikabidi niiname kwake kwanza, "kile cheusi cha katikati ya jicho, kimekuwa kidogo?"

Nilimwuliza mama. Mama alimfunua mtoto kope kwa kidole gumba, akatazama. "Kidogo kama mbegu ya ulezi," akasema. Kisha akaniambia mimi, si kwa kupeleka: "Mbona anauliza mboni? Mtu angeuliza kama mtoto anapumua."

Neno hilo la pili sikulipeleka. Halikuwa la heshima, na kazi yangu ilikuwa kupeleka yanayofaa. Nilimwambia tu kwamba ni kidogo kama mbegu ya ulezi.

Leo nikiyarudia maswali yale naona yote yalikuwa ya mtu anayejua. Alikuwa amewaona wapulizaji waliolewa dawa ya pamba shambani: mate, jasho, mboni kuwa ndogo. Hakuuliza mtoto kanywa nini, kwa sababu jirani alimfikia shambani na kumwambia, "Mwanao kanywa ya kwenye chupa," na yeye alijua chupa ipi. Alidhani sisi pia tunajua. Sisi tulidhani yeye ameambiwa mafuta. Nilikaa juu ya mkaa nikipokea maswali ya mtu wa sumu na kuyapeleka kwa mtu wa mafuta ya taa, nikirudisha majibu, na kila mmoja aliridhika kwamba mwenzake anamwelewa.

Kabla ya kufika mtoni pikapu ilisimama mara mbili. Mara ya kwanza alikuwapo mwanamke mwenye matenga mawili ya kuku kando ya njia. Mara ya pili ilikuwa mbuzi na mwenyewe.

"Dereva, tuna mgonjwa humu!" mwenye maziwa akapiga kelele.

"Namjua mgonjwa wangu, mayu," dereva akajibu, tayari ameshashuka. "Na huyu naye nilimwahidi jana, amekaa hapa tangu alfajiri. Nikimwacha, nani mwingine atampitia leo?"

Kweli, hakuna mwingine ambaye angempitia. Shemeji aliruka chini bila kuambiwa, akamkamata mbuzi miguu akambwaga ndani peke yake, ili tuondoke upesi. Mbuzi alilia njia nzima iliyobaki.

Kisha tukafika mtoni, na mto ulikuwa umejaa. Hapakuwa na daraja, palikuwa na sakafu ya zege tu iliyolazwa chini, ambayo kiangazi unaivuka viatu vikavu. Huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha juu, mbali, na maji yake ndiyo yalikuwa yanapita mbele yetu, mekundu, yakibeba mabua na matawi. Upande wa pili kulikuwa na lori limesimama, watu wake wamekaa kivulini chini yake, wanatutazama kama tulivyowatazama.

Dereva alishuka, akachomeka kijiti pale maji yalipoishia kwenye mchanga. "Tukiona kijiti kimebaki nchi kavu hatua tatu, tunavuka," akasema.

Watu wote walishuka isipokuwa mama na mtoto na mimi. Walikizunguka kijiti kile. Sijawahi kuona watu wazima wakikitazama kitu kidogo kwa muda mrefu kiasi hicho. Mwenye kuku alisema kimesogea. Mwenye mkaa akasema hakijasogea, ni macho yako yamesogea. Baada ya hapo hakuna aliyefanya mzaha tena.

Mtoto alikuwa ameanza kuvuta pumzi kwa sauti, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Mwenye maziwa alirudi na kikombe, akajaribu kumpa maziwa, yakatoka pembeni mwa mdomo. Misuli ya shavu lake ilikuwa ikirukaruka yenyewe chini ya ngozi. Mama aliiwekea kidole, akakiondoa, akakiweka tena.

Shemeji alivua viatu akaingia majini. Alikwenda mpaka kiunoni, akayumba, akasimama, akarudi. Alikuja ubavuni mwa pikapu upande wangu, macho chini.

"Mwambie mama anipe mtoto nivuke naye. Lori lile litageuza litupeleke."

Kabla sijafungua mdomo mama alikuwa ameshaanza kumfungua mtoto mgongoni. Lakini dereva alikuja mbio akamshika shemeji mkono.

"Baba, nimewahi kumwona mtu akisombwa pamoja na mti kwenye mto huu huu. Ukienda na mtoto tutawatafuta wawili."

"Atakufa hapa."

"Mimi sina la kukwambia kuhusu hapa. Nakwambia kuhusu maji."

Wanaume wengine wakasogea, wakasimama kati yake na mto bila kumgusa. Shemeji alitazama kila uso. Kisha akachuchumaa mchangani karibu na kijiti. Mama akamfunga mtoto upya. "Mwambie mkwe wangu amefanya alivyoweza," akasema. Nikaenda nikamwambia. Hakuinua kichwa.

Pale palikuwa na muda wa kutosha kusema kila kitu. Tulikaa mpaka kivuli cha pikapu kikahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Wote watatu tulikuwa hapo, na maneno matatu tu yangetosha. Lakini shemeji hakuwa na sababu ya kunitamkia jambo aliloamini ninalijua, mbele ya mama mkwe wake na kundi la watu, jambo lenye aibu yake mwenyewe ndani yake. Mama hakuwa na sababu ya kuuliza. Na mimi nilikuwa napeleka tu.

Maji yalishuka. Kijiti kikabaki nchi kavu hatua tatu, dereva akazihesabu kwa miguu yake, tukavuka maji yakiingia mpaka kwenye magunia ya chini.

Mjini dereva hakwenda stendi wala sokoni. Alikwenda moja kwa moja hospitali na mzigo wake wote, kuku, mbuzi na mkaa, akaingia mpaka mlangoni. Hakuna abiria aliyeteremka kabla yetu. Mama aliingia na mtoto, mimi nikamfuata. Shemeji alitoka akasimama nje ya geti, kwa sababu mama yuko ndani.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani. Alimlaza mtoto, akamsikiliza kifua, akamulika macho kwa tochi.

"Amekunywa nini?"

"Mafuta ya taa," mama akasema.

Akamulika tena. "Mama, una hakika ni mafuta ya taa?"

"Nimemnusa mwenyewe, baba."

"Chupa mmekuja nayo?"

Mama akanitazama. Nikasema niliitupa chooni.

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, huku akimwita muuguzi kwa mkono, "Kuna mtu mwingine wa nyumbani aliyekuja nanyi? Mkamuulize kama mna dawa ya pamba."

Nilikimbia. Shemeji alikuwa amesimama na vidole kwenye wavu wa uzio.

"Wameshampa dawa ya kuondoa sumu?" akaniuliza kabla sijasema.

"Sumu gani, shemeji? Si kanywa mafuta?"

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni. "Mafuta yapi? Ile chupa ya kwenye ukuta wa jiko, niliiweka mimi. Ni dawa ya pamba, ile inayonuka kama mafuta ya taa."

Akanieleza kwa haraka, maneno yakigongana. Zamani dawa ya pamba ililetwa na ushirika ikiwa kwenye madebe yenye picha ya fuvu, na watu waliyaweka madebe yale mbali. Sasa mwenye duka anapima kwa chupa, unakwenda na chupa yako. Siku zote yeye huitundika yake juu kwenye paa la zizi. Alfajiri ile alikuwa uani anaipima kwenye bomba, akasikia mlango wa nyumba unafunguka na mama anatoka. Akaiweka chupa chini ya ukuta wa jiko, mahali pa karibu, akatoka mbio. Alikusudia kurudi kuichukua.

Nilirudi nikikimbia, nikamwambia daktari. Alishaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano hata kabla sijamaliza. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, anamtazama daktari, kisha mimi, kisha daktari. Nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa. Alisikia yote.

Nyumbani, jua lilipokaribia kuzama, dada alitaka kuwasha kibatari. Akanyoosha mkono kwenye lile tofali la ukuta wa jiko, ambalo asubuhi hakuna aliyeinua macho kulitazama, akaikuta chupa yake ya mafuta ya taa, imejaa, na gunzi lake juu. Aliniambia baadaye kwamba alikaa chini na ile chupa mapajani. Alielewa kila kitu, na hakuwa na mtu wa kumtuma wala njia ya kutufikia. Pikapu ilikuwa Bariadi.

Mtoto alichomwa sindano nyingi usiku ule. Alfajiri aliacha kutoa mate na mama akasema anapata nafuu. Mchana wake, adhana ya adhuhuri ikisikika kutoka msikiti wa mjini, alikufa. Sikumwuliza daktari kama muda tulioupoteza ungebadilisha lolote. Alikuwa amesimama mbele yangu, na nafikiri angenijibu.

Dereva alikuja kutuchukua. Watu walikuwa wanamsubiri stendi na mizigo ya kurudi Dutwa, mifuko ya sukari, madumu, godoro. Aliwaambia hapakii. Mama alikaa mbele na mtoto amemfunga kwenye khanga mpya aliyopewa na yule mwanamke wa maziwa. Shemeji na mimi tulikaa nyuma. Sikuwa nimewahi kuiona pikapu ile tupu. Sakafu yake ilikuwa na vumbi la mkaa na manyoya ya kuku, na kwa kuwa haikuwa na uzito iliturusha na kutubwaga kwenye kila shimo. Hapakuwa na gunia la kujishikilia. Kibanda kilikuwa na dirisha dogo la kioo kwa nyuma, na mama angegeuka angemwona. Shemeji alikwenda kukaa kwenye ubao wa mwisho kabisa, akatazama nyuma njia nzima. Njiani watu walisimama na matenga yao wakinyoosha mikono. Dereva aliwapungia kwamba hapana, akapita.

Mto ulikuwa umebaki kijito tu. Kijiti bado kilikuwa kimechomekwa pale pale, mbali na maji.

Siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa wamepungua, mama aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha kuchambua.

"Nenda kamwulize mkwe wangu," akasema. "Kule Dutwa, wanapanga yale magunia, alikuwa anajua ni dawa?"

Nilikwenda. Shemeji alikuwa amekaa kwenye gogo kando ya zizi, sahani ya ugali mbele yake imefunikwa, haijaguswa. Nzi walikuwa wanatembea juu ya kifuniko. Aliniona naja kutoka upande wa jiko, akajua nimetumwa. Akasimama, kama mtu anavyosimama kupokea neno la mkwe.

"Mama anasemaje?"

Niliangalia ile sahani.

"Anasema ule," nikamwambia.

"Mwambie mama nashukuru sana."

Nikarudi. Mama alikuwa bado anachambua, ungo magotini.

"Amesemaje?"

"Anasema anashukuru."

Mama alinitazama muda mrefu. Kisha akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa mbali, akaendelea na kazi yake, na hakuniuliza anashukuru nini.